Elimu kwa Umma: Kung'arisha Gari Nyumbani, Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yaliingia nchini yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani, na rangi zake zilikuwa zimeshapigwa na jua kwa miaka kadhaa. Wamiliki wengi hupenda kuyang'arisha wenyewe nyumbani, na maduka ya vipuri yamejaa chupa, makopo na mashine za kila aina. Maelezo haya yanajibu maswali ya kawaida kuhusu vifaa gani vinunuliwe, vitumike kwa utaratibu gani, na tahadhari zipi zichukuliwe ili mtu asiharibu gari lake wala kudhuru afya yake. Sheria na taasisi zilizotajwa ni za Tanzania, isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo.

KABLA YA KUNUNUA

Rangi ya gari imeundwaje?
Juu ya bati la gari la kisasa kuna matabaka makuu matatu: praima, yaani rangi ya msingi inayoshika bati na kuzuia kutu, rangi yenyewe tunayoiona, na klia, yaani tabaka lisilo na rangi linalokaa juu kabisa na kuleta mng'aro. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa takriban maikroni 40 hadi 50. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, hivyo klia ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Kila unapopiga polishi unapunguza klia hiyo, na ikishaisha hairudi bila kupuliziwa upya.

Nitajuaje kama gari langu lina klia?
Weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, kisha sugua polepole sehemu isiyoonekana sana, kwa mfano sehemu ya chini ya mlango kwa nje. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ama gari halina klia, ama klia ya mahali hapo imekwisha. Acha kusugua na utafute ushauri wa fundi rangi. Kipimo hiki ni muhimu zaidi kwa gari lililopakwa rangi upya, kwa sababu unene wa klia yake haujulikani.

Ni lazima ninunue vitu vingi?
Hapana. Kwa gari ambalo rangi yake bado ni nzima, vitu vitano vinatosha: shampuu ya gari, ndoo mbili, glavu laini ya kuoshea, taulo za maikrofaiba na nta. Kampaundi, polishi na mashine vinunuliwe baadaye, ukishaliosha gari na kuona ni tatizo gani limebaki.

KUOSHA NA KUKAUSHA

Sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo ina ubaya gani?
Sabuni hizo zimetengenezwa kuondoa mafuta na uchafu mzito, kwa hiyo huondoa pia nta inayolinda klia. Sabuni ya unga ina alikali, yaani hali iliyo kinyume cha asidi, na punje zake zisipoyeyuka vizuri hukwaruza. Shampuu ya gari huwa na kiwango cha pH kinachokaribia 7, maana yake haina ukali wa asidi wala wa alikali.

Kwa nini ndoo mbili?
Ndoo moja ni ya maji yenye shampuu, na nyingine ni ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla ya kuichovya tena kwenye shampuu. Vumbi la Dodoma au mchanga wa pwani ukibaki kwenye glavu hufanya kazi ya msasa kila unapopitisha mkono. Mimina maji kwanza kuondoa vumbi, anza kuosha paa ushuke chini, na malizia na rimu kwa kitambaa chake chenyewe.

Taulo la maikrofaiba ni lipi, na nilichague vipi?
Ni taulo la nyuzi nyembamba sana za poliesta na poliamaidi, ambazo hunasa vumbi badala ya kulisukuma juu ya rangi. Chagua lenye manyoya marefu kwa kukaushia na lenye manyoya mafupi kwa kufutia nta. Lifue peke yake bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huziba nyuzi zake. Likianguka chini, liweke kando hadi lifuliwe, kwani chembe moja ya mchanga inatosha kuchora mistari kwenye boneti.

Maji ya kisima yanaacha madoa meupe. Nifanyeje?
Madoa hayo ni kalisi na magnesi, madini yanayobaki maji yenye chumvi yanapokauka. Osha gari kivulini, bati likiwa limepoa, na ulikaushe mara moja kwa taulo. Doa ambalo halijakaa muda mrefu linaweza kutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Jaribu kwanza sehemu ndogo, kisha suuza vizuri.

Kinyesi cha ndege kinaweza kuharibu rangi?
Ndiyo, na wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, kwenye kunguru wengi, hukutana na tatizo hili mara kwa mara. Bati likipata joto klia hulainika, na kinyesi kinapokauka juu yake huacha alama iliyozama. Usikikwangue kikiwa kikavu. Kifunike kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, kisha kiondoe taratibu bila kusugua.

Gari limeoshwa lakini bado linakwaruza mkononi. Kwa nini?
Vaa mkononi nailoni laini ya kufungia mkate, kisha pitisha vidole juu ya boneti safi. Ukisikia vipunje, hizo ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, lami au utomvu vilivyogandia rangi. Huondolewa kwa klei, yaani donge laini linalonasa uchafu huo. Pulizia maji yenye shampuu, telezesha klei bila kukandamiza, na uikunje mara kwa mara ili upande safi uwe juu. Klei iliyoanguka chini haifai tena.

KAMPAUNDI, POLISHI NA NTA

Vitu hivi vitatu vina tofauti gani?
Kampaundi ina chembechembe kali zinazokata klia ili kuondoa mikwaruzo mikubwa. Polishi ina chembechembe laini zaidi, na kazi yake ni kuondoa mikwaruzo midogo na ukungu ulioachwa na kampaundi. Nta haikati chochote. Hukaa juu ya klia kama kinga dhidi ya maji, jua na uchafu. Baadhi ya chupa zina polishi na nta kwa pamoja, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa.

Mkwaruzo upi unaweza kuondoka?
Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo kwa wepesi. Ukucha usipokwama, mara nyingi mkwaruzo uko kwenye klia na polishi inaweza kuuondoa au kuupunguza. Ukucha ukikwama, au ukiona rangi ya praima au bati, polishi haitasaidia. Hiyo ni kazi ya fundi rangi, na ifanyike mapema kabla ya kutu kuingia, hasa kwa magari ya pwani yanayopigwa na hewa ya chumvi.

Nianze na dawa ipi?
Anza na iliyo laini kuliko zote. Weka alama kwenye eneo la takriban sentimita 50 kwa 50, piga polishi, futa, kisha angalia kwa mwanga wa tochi ukiwa umesimama upande. Ikiwa matokeo yanaridhisha, endelea na dawa hiyo kwa gari zima. Usipande kwenye kampaundi mpaka polishi iwe imeshindwa.

Nta, silanti na siramiki: nichague ipi?
Nta ya asili, ambayo mara nyingi hutokana na mti wa Brazili wa jamii ya minazi uitwao karnauba, ni rahisi kupaka lakini hudumu kwa wiki au miezi michache tu. Silanti, yaani kinga iliyotengenezwa kiwandani kwa kemikali, hudumu muda mrefu zaidi. Siramiki ni kimiminika kinachoganda na kushikana na klia. Hudumu kuliko zote mbili, lakini kasoro iliyofunikwa nayo haiondoki bila kupigwa polishi tena. Kwa anayeanza, nta au silanti ndiyo salama.

Nitajuaje kwamba kinga imekwisha?
Mwagia maji kwenye boneti safi. Maji yakijikusanya na kuwa matone ya mviringo yanayoteleza, kinga bado ipo. Yakitandaa na kutuama kama kwenye sahani, ni wakati wa kupaka tena. Kupaka nta upya hakuhitaji kupiga polishi upya, maadamu hakuna mikwaruzo mipya.

MASHINE NA UMEME

Mashine ipi inamfaa mtu wa nyumbani?
Zipo aina kuu mbili. Mashine ya mzunguko mmoja huzungusha pedi pale pale. Hukata haraka, lakini hutoa joto jingi na inaweza kuunguza klia kwa sekunde chache, hasa kwenye kingo. Mashine ya mizunguko miwili huzungusha pedi huku ikiiyumbisha, hivyo joto husambaa na makosa hupungua. Mtu asiye na uzoefu achague hii ya pili.

Ninaweza kufunga pedi kwenye grinda ya kukatia chuma?
Hapana. Grinda ndogo ya kawaida huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mzunguko mmoja huwekwa kati ya mara 600 na 3,000 hivi. Kwa kasi ya grinda, pedi inaweza kuchanika na kuruka, na rangi ikaungua kabla hujaondoa mkono.

Pedi zinatofautianaje?
Pedi za sufu hukata zaidi, za sponji ngumu hukata kiasi, na za sponji laini ni za kumalizia au kupakia nta. Rangi ya pedi haina kanuni moja: ya machungwa ya kampuni moja yaweza kuwa kali na ya kampuni nyingine ikawa laini. Fuata maelezo ya mtengenezaji, na uwe na angalau pedi tatu ili iliyojaa dawa ipumzishwe na kusafishwa.

Mashine hutumikaje kwa usalama wa rangi?
Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo, raba na plastiki nyeusi. Weka matone manne madogo ya polishi kwenye pedi, igusishe kwenye bati kabla ya kuwasha ili dawa isiruke, kisha isogeze polepole kwa mistari inayopandana. Gusa bati kila baada ya muda. Likiwa la moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, simama lipoe.

Nimepata mashine ya mtumba kutoka Japani. Naweza kuichomeka tu?
Angalia kwanza kibandiko cha volti. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230; wa Japani ni 100 na wa Marekani ni 120, kwa hiyo mashine ya huko huungua au kuleta moto isipopitia transfoma inayolingana na wati zake. Usiiunge kwa kukata waya na kufunga plagi nyingine tu.

Kuna hatari gani kutumia mashine kwenye uwanja uliolowa?
Maji na umeme huweza kuua. Kausha sakafu, vaa viatu vya raba, ning'iniza kiungio cha waya kisiguse maji, na tumia soketi iliyounganishwa na kikata umeme cha usalama, yaani kifaa kinachozima umeme mara tu unapovuja. Waya uliochubuka usifungwe kwa utepe na kuendelea kutumika; ubadilishwe.

TAA, MATAIRI NA NDANI YA GARI

Taa zimekuwa za njano. Zinaweza kupona?
Taa nyingi za kisasa zimefunikwa kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na unjano hutokea pale kinga yake dhidi ya jua inapochakaa. Husuguliwa kwa msasa wa maji kuanzia namba 1000, kisha 2000 na 3000, halafu polishi. Ni lazima mwisho upake kinga mpya ya kuzuia miale ya jua, vinginevyo unjano utarudi mapema.

Dawa ya kung'arisha tairi ipakwe wapi?
Ubavuni tu. Usiipake kwenye sehemu ya tairi inayogusa barabara, wala kuipulizia karibu na diski za breki, kwa kuwa hupunguza mshiko na uwezo wa kusimama. Vivyo hivyo, usipake dawa ya kuteleza kwenye usukani, pedali au kiti cha pikipiki.

Na vioo vyenye tinti?
Epuka dawa za vioo zenye amonia, kwani huweza kuharibu karatasi ya tinti. Maji safi yenye shampuu kidogo na taulo mbili, moja ya kufutia na nyingine ya kukaushia, vinatosha.

YANAYOSEMWA MITAANI

Ni kweli mafuta ya taa kwenye maji ya kusuuzia hulifanya gari ling'ae?
Mng'aro unaoonekana ni wa mafuta yaliyobaki juu ya rangi. Baada ya muda mfupi mafuta hayo hunasa vumbi, huweza kudhoofisha raba za milango, na hushika moto. Nta kidogo huleta mng'aro huo na kuudumisha bila hatari hizo.

Dawa ya meno huondoa mikwaruzo?
Imani hii ina chanzo, kwani dawa ya meno ina chembe za kusugua. Lakini ukali wa chembe hizo haukupimwa kwa ajili ya klia, na haiachi kinga yoyote juu ya taa au rangi. Taa iliyosuguliwa kwa dawa ya meno huonekana safi kwa muda tu.

Mafuta ya breki yanang'arisha bodi?
Hapana. Mafuta ya breki ya kawaida hulainisha na kubabua rangi. Yakimwagika kwenye bodi, suuza mara moja kwa maji mengi.

USALAMA WA MWILI NA MAZINGIRA

Nisome nini kwenye lebo?
Tafuta alama zenye umbo la pembenne lililosimama kwa kona, lenye mpaka mwekundu. Mwali wa moto maana yake hushika moto. Kimiminika kinachodondokea mkono maana yake hubabua. Fuvu maana yake ni sumu kali. Lebo iwe pia na jina la mtengenezaji, namna ya kutumia na huduma ya kwanza.

Dawa za rimu ni za hatari kweli?
Baadhi ni za hatari. Zipo zenye asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu mwili kwa ndani, na maumivu yanaweza kuchelewa kujitokeza. Chagua iliyoandikwa kuwa haina asidi. Ukimwagikiwa na iliyo na asidi hiyo, suuza kwa maji mengi na uende hospitali mara moja hata kama huumwi.

Nifanye nini dawa ikiingia machoni au mtoto akiinywa?
Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mwone daktari. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa bila ushauri wa mtaalamu. Mpeleke hospitali pamoja na chupa ya dawa. Usihamishie kamwe dawa kwenye chupa za maji ya kunywa au soda.

Dawa zinaweza kuchanganywa?
Usichanganye. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Fanya kazi penye hewa, vaa glavu na miwani, na barakoa unapopiga msasa. Usitumie petroli kusafishia injini au lami. Moto ukitokea, ondoka na upige 114, namba ya Zimamoto.

Maji machafu yaende wapi?
Yasielekezwe kwenye mto, kisima au mtaro unaoingia baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga vitu vya sumu kwenye vyanzo vya maji. Makopo ya kupuliza yasitobolewe, yasichomwe moto, wala kuachwa ndani ya gari juani.

HAKI ZAKO KAMA MNUNUZI

Nimeuziwa bidhaa bandia au mbovu. Nianzie wapi?
Rudi dukani na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti), bidhaa na chupa yake, ueleze kasoro na uombe kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usiposikilizwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na udhibiti wa bidhaa bandia. Suala la ubora na viwango liripotiwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Nchini Kenya, haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na taarifa sahihi imo katika Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010, na viwango husimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

Dukani kuna bango: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Je, nimefungwa?
Bango hilo linaweza kukuzuia kurudisha kitu kwa sababu tu umebadili mawazo. Haliondoi haki yako pale bidhaa inapokuwa na kasoro, ni bandia, au si ile uliyoelezwa. Bila risiti, hata hivyo, ni vigumu kuthibitisha uliponunua.

Nimempa fundi gari aling'arishe naye akaunguza rangi. Nifanyeje?
Kabla ya kazi, piga picha za gari pande zote na mwandikiane kazi itakayofanyika na gharama yake. Madhara yakitokea, picha na maandishi hayo ndiyo yatakayosaidia katika mazungumzo, na kama hamkuafikiana, katika vyombo vya kisheria. Usikubali kazi ya kampaundi bila kuelezwa sababu yake.

Kwa ufupi: osha vizuri, anza na dawa laini, kinga kwa nta, na kampaundi iwe suluhisho la mwisho. Wananchi wanaombwa kusoma lebo kabla ya kufungua chupa, kuweka dawa mbali na watoto, na kudai risiti kila wanaponunua.